Uliza Mwalimu wa Michezo: "Baba anasema mpira hausomewi"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, nina C ya Baiolojia na D nne. Jioni nafundisha watoto mpira hapa Mikindani. Nataka kwenda chuo kusomea ukocha na mazoezi ya viungo, lakini baba anasema mpira hausomewi, niende nikasomee umeme. Ada nayo inategemea korosho. Nifanyeje?
Kijana wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mzee, maana mikorosho ni yake. Kwa kiasi fulani yuko sahihi: watoto wa Mikindani wanapiga chenga mchangani kabla hawajajua kusoma, na hakuna chuo kilichowafundisha. Kinachosomewa ni mwili wa huyo anayecheza.

Mwulize hivi: mtoto akiteguka kifundo cha mguu pale uwanjani kwenu, nani humkimbilia wa kwanza? Namjua, yupo kila uwanja kuanzia Kilwa hadi Newala: mtu mzima mwenye dawa ya kuchua na maji ya moto. Siku mbili za mwanzo kuchua na joto huongeza uvimbe. Aliyesoma humtoa mtoto mchezoni, humwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, humfunga bandeji na kuuinua mguu. (Barafu usiniambie hamna, wauza samaki wanayo.) Mtoto akishindwa kutembea hata hatua nne, apelekwe hospitali ya Ligula, akapigwe picha ya mfupa. Hayo peke yake ni somo zima, na C yako ya Baiolojia itakusaidia kuliko mabao yote uliyofunga.

Au chukua mazoezi ya kupasha mwili. Wengi wetu huzungusha watoto uwanja mara mbili, wakajinyoosha kidogo, basi. Upo mpango wa FIFA, shirikisho la soka duniani, uitwao 11+, wa dakika kama 20: kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, kisha mbio za kasi. Hauhitaji jim wala mashine. Ulipojaribiwa kwa wasichana wanasoka wa Norway, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha makubwa yamepungua. Anza nao kesho, huna haja ya kusubiri barua ya chuo.

Sasa chuo. Cha serikali ni Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Ni mbali, nisikufiche: unakwenda Dar es Salaam kwanza, halafu unakata nchi hadi Usukumani, na ming'oko utaisahau, utajifunza kula michembe. Kwa ngazi ya cheti, vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, kwa kawaida huangalia ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kwa hiyo matokeo yako si ya kukukatisha tamaa. Ukimaliza stashahada na bado una hamu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Usichanganye cheti cha chuo na leseni. Leseni za ukocha wa soka ni za CAF, shirikisho la soka Afrika, na hupatikana kupitia TFF, shirikisho letu la Tanzania. Kwa anayeanza ni ile ya D. Ukitaka kukaa benchi la timu ya ligi, wataulizia leseni. Ukitaka uafisa michezo wa halmashauri au kufundisha shuleni, watataka karatasi ya chuo. Na kwa huku kwetu hilo la pili ndilo lenye uhakika zaidi. Timu ya ligi kama Namungo ni moja tu, na Ndanda uliiona ilivyopanda na ilivyoshuka.

Kwenye ada ndipo ninapoona shida ya kweli. Maombi ya vyuo hufunguliwa katikati ya mwaka, masomo huanza karibu na Oktoba, na minada ya korosho nayo huanza Oktoba. Chuo kitadai wakati korosho bado ziko ghalani. Kwa hiyo zungumzeni sasa, siyo Septemba. Andika kwa chuo mapema uombe kulipa kwa awamu, na mzee aweke pembeni nauli na awamu ya kwanza kutoka msimu huu. Umeme ni kazi nzuri, lakini usiusomee kwa kununa. Fundi aliyenuna ni hatari kwenye nguzo.

SWALI: Mwalimu, akina mama wenzangu wameniomba niwaongoze jogingi ya asubuhi karibu na uwanja wa Ilulu. Sina cheti. Ni vibaya?
Mama wa Lindi

JIBU: Si vibaya, dada yangu, ila kabla ya siku ya kwanza mwulize kila mmoja faragha: ana presha, kisukari, mimba, au kifua hubana akipanda ngazi? Mwenye jibu la ndiyo aonane na daktari kwanza. Anzeni kwa kutembea haraka, mchanganye na mbio fupi, na mwendo uwe ule ambao mtu anaweza kuongea bila kuhema. Tokeni saa kumi na mbili; kufika saa mbili joto la Lindi na unyevu wake huwa limeshawazidi, na maji kila mtu abebe yake. Anayeona kizunguzungu akae kivulini, asishangiliwe aendelee.