Usitafute sonona yako kwenye picha ya ubongo

Nilitoka na bahasha ya kaki, ndani mna picha za CT, zile za mashine ya eksirei, za kichwa changu na karatasi ya majibu: hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja. Mama aliisoma mara mbili kwenye daladala, akaikunja, akasema, "Mwanangu, mshukuru Mungu, huna ugonjwa." Usiku ule nililia kuliko siku zote. Miezi minne nilikuwa sikogi mpaka nisukumwe, na sasa kuna karatasi inayosema mimi mzima.

Bado naulizwa ni kipimo gani cha ubongo kinachoonyesha sonona. Ndugu yangu, hela hiyo itunze. CT huonyesha umbo la ubongo. Dopamini, ambayo huhusishwa na sonona, ni kemikali ya ubongo, na watafiti huifuatilia kwa PET, kipimo kingine cha picha: unachomwa sindano ya fluorodopa yenye mionzi kidogo, ubongo unaichukua kama malighafi ya kutengenezea dopamini, na mashine inaonyesha imekusanyika wapi. Mwaka 2001 huko Ufaransa, mtafiti Martinot na wenzake waliwapima hivyo wagonjwa wa sonona. Upungufu ulionekana kwa wale waliopooza hisia na kuwa wazito wa mwendo, tena upande wa kushoto, katika sehemu ya ndani iitwayo kaudeti. Wale wenye wasiwasi mwingi hawakuwa nao. Wote wanaitwa wagonjwa wa sonona! Na hiyo ni tofauti ya kundi na kundi. Ukitazama mtu mmoja mmoja, majibu ya wenye sonona na wasio nayo yanaingiliana sana, kwa hiyo hakuna daktari atakayeitazama picha yako peke yake akajua unayo au huna.

Mimi utafiti huo ulinipa maneno. Nilikuwa namwambia daktari nina huzuni, na haikuwa hivyo hasa. Dada akiniletea pilau kitandani, utamu wake nausikia. Kunyanyuka nikajipakulie ndiko kulikonishinda. Dopamini inahusika zaidi na ile hamu ya kukifuata kitu kuliko utamu wenyewe. Basi nawe mweleze daktari hivyo hivyo: nini ulikuwa unakifanya bila kufikiri, na sasa kinakushinda wapi, kuanza au kufurahia. Muulize pia kuhusu vipimo vya damu vya tezi ya shingo na upungufu wa damu, maana navyo huleta uchovu unaofanana na sonona, na vina tiba yake. Ukianza kuwaza kujiua, usingoje miadi. Mwambie mtu wa karibu, akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari wa magonjwa ya akili niliyempata baadaye hakuomba picha yoyote. Alinisikiliza karibu saa nzima, akaniandikia dawa, akanipa na kazi moja: kila asubuhi niende kwa mama wa vitumbua pale kona, ninunue viwili, nirudi. Siku ya kwanza niliishia getini. Siku ya tano nilirudi na vitumbua, bado vya moto, nikampa mama kimoja.