Vifaa chakavu vya windisefingi: pesa kidogo uanze nazo wapi

Vifaa vya windisefingi, mchezo wa kuteleza majini kwa ubao wenye tanga, vikichakaa, macho hukimbilia vinavyoonekana: rangi iliyobanduka, tanga lililofifia, mpira wa mshikio uliochanika. Mimi nikishika kifaa chochote najiuliza swali moja tu: hiki kikikatika nikiwa mbali na ufuo, nitarudije? Kama ni kurudi polepole, kinaweza kusubiri. Kama ni kuogelea, pesa zinaanzia hapo.

Kwa hiyo kinachotangulia ni kile kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti kwenye ubao. Ni kidogo, hakina sura, na wengi hawakitazami tena tangu siku walipokinunua. Kikikatika, tanga linalala majini, na ubao, kwa kuwa ni mwepesi na hauna tena cha kuuzuia, unachukuliwa na upepo kwa kasi ambayo hata mwogeleaji hodari ataishia kuusindikiza kwa macho. Kikague hivi: kikunje mpaka mlingoti ulale, kisha uuzungushe taratibu huku ukitazama shingoni, pale mpira unapoingia kwenye chuma. Mikwaruzo si neno. Ufa unaofunguka ukikunja na kujificha ukiachia, huo ndio ugonjwa, na dawa yake si gundi wala utepe. Nunua mpya. Habari njema ni kwamba aina nyingi huuza mpira peke yake, huna haja ya kubadilisha kitako kizima cha mlingoti. Baadhi ya viungo vina ukanda wa usalama pembeni. Uzi wake ukiwa umeoza kwa jua, ukanda huo ni pambo tu.

Kamba ya kuvutia tanga chini nayo huliwa mahali palepale: kwenye meno ya kibano na inapopinda kwenye kapi. Ikianza kuota manyoya, ibadilishe bila kubembelezana nayo, kwa sababu katika vifaa vyote hakuna cha bei ndogo kuliko kamba. Mita mbili za akiba huingia mfukoni mwa mkanda wa kiunoni.

Mlingoti wa kaboni upitishie kucha kutoka chini hadi juu, hasa panapobanwa na bumu, ile fremu ya kushikia. Nyuzi zilizoinuka au mahali panapobonyea ukipaminya ni dalili mbaya. Mtu asikuambie "nimeuziba, uko sawa" kama hujui nani aliuziba na kwa nini.

Sasa ubao. Hapa ndipo penye uokoaji mkubwa wa pesa, na pia ndipo watu wanapoharibu zaidi. Ugonge kwa vifundo vya vidole ukisogea kidogo kidogo. Sauti kavu ni salama. Inapogeuka kuwa nzito na ya kufa, ganda limeachana na kiini. Kisha upime uzito: panda kwenye mizani ukiwa umeubeba, halafu peke yako, utoe. Ubao ukizidi kwa kilo kadhaa uzito uliotajwa na mtengenezaji, hata ukitoa vishikizo vya miguu na skrubu zake, umekunywa maji. Hakuna sababu ya kuuziba kabla haujakauka, maana utayafungia ndani. Uweke kivulini, ufa ukitazama chini, skrubu ya kupumulia, ile inayotoa hewa ya ndani ya ubao, ikiwa wazi, na uwe na subira ya wiki, si siku. Usiuanike juani skrubu ikiwa imefungwa: hewa ya ndani hupanuka na ganda linaweza kubanduka. Oringi, ile pete ya mpira ya skrubu hiyo, ikiwa imekauka na kupasuka, ibadilishe, huenda maji yalipita hapo na si kwenye ufa.

Mbao nyingi za siku hizi zina kiini cha povu jeupe la polistirini, kwa hiyo tumia epoksi tu, ile rezini inayochanganywa na kigumushi chake. Ile rezini ya kawaida ya poliesta, inayotumika kwenye boti za faiba, huliyeyusha povu hilo, na ufa wa kidole unageuka pango. Epoksi nayo ina masharti yake: fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kuongeza kigumushi ili ikauke haraka huiacha laini na yenye kunata. Piga msasa eneo la sentimita tatu hivi kuzunguka ufa, jaza shimo, weka vipande viwili vya kitambaa cha faiba, kimoja kikubwa kuliko mwenzake, na vaa glavu. Ikishagandamana vizuri, piga msasa tena na upake rangi, kwa kuwa jua huila epoksi iliyoachwa wazi. Haitapendeza, na haina haja ya kupendeza.

Tanga la plastiki angavu lina kipimo chake rahisi: likunje kidogo pembeni. Likilia na kuacha mstari mweupe, jua limeshalimaliza, na utepe unaoubandika leo utafuatwa na mpasuko mwingine kesho. Kama bado linanyumbulika, mpasuko mfupi unatibika: osha chumvi kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, futa kwa spiriti, bandika utepe wa matanga pande zote mbili, pembe zake ukizikata mviringo zisibanduke. Mshono unaokatika ukiukwaruza kwa kucha upeleke kwa fundi wa mahema au turubai mwenye cherehani nzito. Gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko unavyohofia.

Bumu la alumini lifungue lote na ulisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikaa katikati ya mabomba mawili huyaunganisha. Yakishagoma kuachana, mwagia maji ya moto bomba la nje tu, mmoja ashike, mwingine azungushe huku akivuta. Nyundo iacheni kwanza.