Waliponaje kwenye barafu? Wenyeji tu

Mkuu, umeuliza wale wafanyabiashara wa manyoya kule Kanada waliponaje kwenye baridi ile. Wenyeji ndo waliwabeba, hamna siri nyingine. Mcheki Samuel Hearne wa Hudson's Bay Company, kampuni ya Waingereza ya biashara ya manyoya, katumwa kutafuta shaba kaskazini, safari ya kwanza 1769 kiongozi wake akamtelekeza njiani, ya pili upepo ukaangusha kipimo chake cha kujulia yupo wapi kikavunjika, akageuza. Ndo akakutana na Matonabbee, mkubwa wa Wachipewyan, kabila la wenyeji wa kule, jamaa akamwambia wazi ulifeli sababu hukwenda na wanawake, maana wao ndo wanaburuta mizigo, wanasimamisha hema na kushona nguo. Desemba 1770 wakatoka na wake za Matonabbee, wanafuata makundi ya karibuu, aina ya kulungu wa nchi za baridi, yaani huyo mnyama ndo nyama, ndo hema, ndo koti, ndo kamba za kusukia vile viatu vipana vya kukanyagia theluji usizame, na asipopatikana mnalala njaa siku kadhaa. Julai 1771 wakatokea bahari ya Aktiki. Na shaba yenyewe sasa, walitafuta masaa karibu manne wakaambulia bonge moja la kama kilo 2 😂