Muulize Fundi: Taa ya mbao ya jahazi inanipiga shoti

SWALI: Fundi, assalam alaikum. Niko Langoni, Lamu. Nilipata kipande cha mbao ya jahazi kuukuu kule Matondoni nikasema nimtengenezee binti yangu taa ya mezani ya kusomea. Kitako ni hiyo mbao, mguu ni paipu ya chuma, kofia ni kifuu cha nazi, balbu ni ile ya zamani ya wati 60. Inawaka vizuri tu lakini ukishika paipu inakupiga kidogo, haswa siku za mvua, na kifuu kimeanza kunuka. Mama watoto anasema nitupe. Nitupe kweli?

JIBU: Waalaikum salam ndugu yangu. Usitupe, ila chomoa saa hii hii, gazeti utamalizia baadaye. Hiyo "inapiga kidogo" ni stima ya volti 240 inatafuta njia ya kwenda chini na leo imekuonea huruma tu, siku binti ametoka kuoga, miguu mitupu kwenye sakafu ya simiti, haitakuwa kidogo tena.

Mi nadhani ugonjwa uko pale waya inapoingia kwenye paipu. Ulikata na msumeno wa chuma, sivyo? Pitisha kidole polepole kwenye ule mdomo utasikia makali kama ya mkebe uliofunguliwa, sasa kila ukisogeza taa yale makali yanakwaruza ganda la waya mpaka shaba inagusa chuma. Piga tupa mpaka mdomo uwe laini, weka kile kimpira cha duara cha kupitishia waya, alafu waya yenyewe tupa ununue mpya ya nyuzi tatu. Kahawia ni laivu, yaani inayoleta stima, hiyo ndo ipite kwenye swichi. Buluu ni nyutro, inayoirudisha. Ya kijani na njano ni ethi, ya usalama, inayopeleka stima iliyovuja ardhini, ifunge kwenye paipu kwa skrubu, ikaze. Kama holda yako ya balbu ni ya kuzungusha, laivu iende kwenye kile kidoti cha katikati chini na nyutro kwenye ile chuma ya pembeni balbu inapojizungushia, ukigeuza hapo ndo mtu anabadilisha balbu anarushwa. Na fyuzi ya plagi, toa ya 13 weka ya ampia 3.

Alafu usidhani soketi ikiwa na matundu matatu basi ethi ipo, fundi stima akupimie na mita. Kama haipo achana na chuma kabisa, weka mwanzi, tundu lake unakuja nalo, na holda iwe ya plastiki.

Mbao nayo ina lawama yake. Imekunywa maji ya bahari miaka na miaka, ile chumvi inavuta unyevu, ndo maana mvua ikija mambo yanazidi. Iloweke maji matamu siku kadhaa ukibadilisha maji, ikaushe kivulini, ndo upake vanishi. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au stenlesi. Na ukitoboa na keekee angalia misumari ya zamani iliyojificha ndani, mi imenilia ncha mbili za keekee.

Kifuu kinanuka manake kinaungua. Balbu ya wati 60 karibu yote inatoa joto, mi mwenyewe niliwahi kuunguza kimoja, nyumba ikanuka kama mtu kasahau nazi jikoni na nikaulizwa kama napika nini. Weka LED ya wati 5 au 7, toboa kifuu matundu juu joto litoke, yaliyobaki sawa.

SWALI: Mi niko Malindi, yangu haina shida ila nikiandika mkono unanitilia kivuli. Niongeze balbu kubwa?

JIBU: Unaandikia mkono wa kulia? Hamisha taa kushoto.