Baiskeli bara ya Malindi: uliza upepo kabla ya kuuliza njia

Kutoka Malindi kwenda Marafa, bara upande wa kaskazini, nilitumia saa tatu kasorobo. Kurudi Malindi, kwa njia ile ile na baiskeli ile ile, nilitumia saa tano na nusu, tena sehemu kubwa nikiwa chini naisukuma. Ilikuwa Julai. Asubuhi nilivuka daraja la mto Sabaki kama niliyetwekwa tanga, nikajisifu moyoni kwamba mazoezi yameniingia. Mchana nilipogeuza usukani kuelekea nyumbani, ndipo nilipojua nani hasa alikuwa akikanyaga pedali.

Nilifika mjini wakati wa magharibi nikapita kwa mjomba wangu kuomba maji. Mjomba ni mtu wa mashua tangu ujana wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umetoka wapi na vumbi hilo?"

Nikamweleza. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Mwezi wa saba umekwenda na kusi mgongoni. Wa kukurudisha ulimtaraji nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sipangi safari kwa ramani tu. Napanga kama wanavyopanga watu wa mashua, ila mimi nataka kinyume chao: upepo mbaya niumalize asubuhi nikiwa na nguvu, jioni unisukume kurudi. Kusi, upepo utokao kusini, inavuma takriban Aprili hadi Septemba. Miezi hiyo naelekea kusini: Gede, Watamu, msitu wa Arabuko-Sokoke. Kaskazi, ule utokao kaskazini, ikishika, Desemba hadi Machi, ndio wakati wa kuelekea kaskazini: Marafa, Mambrui na Ngomeni. Katikati kuna maleleji, upepo ukiwa haujaamua, na hapo nenda utakako, bora mvua isikukute. Na msimu wowote uwao, baada ya saa tano asubuhi upepo wa pwani huzidi. Anayetoka kitandani saa moja ameshapoteza nusu ya siku. Mimi saa kumi na moja alfajiri niko barabarani na taa.

Jambo la pili ni mchanga. Wageni wengi huniuliza ni kilomita ngapi. Swali hilo halina faida huku. Kilomita 35 hivi za Marafa, ukikata kushoto baada ya daraja na kushika njia ya Marikebuni na Magarini, zinaweza kuwa matembezi au adhabu, kutegemea mvua ilinyesha lini na lori gani lilipita mbele yako. Changarawe si tatizo, hata iwe na mashimo. Ugumu ni pale barabara inapolainika ghafla, gurudumu la mbele likazama, nawe ukaenda ulikokuwa unatazama bila baiskeli.

Dawa yake nimeipata kwa kuanguka. Ukiuona mchanga, shusha gia mapema, kabla hujaingia. Rudisha makalio nyuma ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Kanyaga pole pole bila kuacha, usiguse breki ya mbele, na usiupinde usukani kwa nguvu. Iachie baiskeli itafute njia yake, itayumba na kunyooka. Ukipoteza mdundo, shuka. Hakuna aibu. Kina mama wanaorudi sokoni na ndoo kichwani watakupita wakikupa pole, nawe itikia.

Tairi nyembamba za baiskeli za mashindano ziache mjini. Upana wa milimita 40 ni wa kujikaza, 45 na kuendelea ndio raha. Punguza presha. Mimi nina kilo 70 na kitu na hujaza presha ya paundi 30 hivi (psi), nyuma nikizidisha kidogo. Usishushe mno kama unatumia tyubu, kwa sababu jiwe moja la matumbawe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka.

Kuhusu udongo, msitu wa Arabuko-Sokoke umenifundisha kuliko mtu yeyote. Ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake kuna ardhi mbili. Penye miti ya mirihi mchanga ni mweupe na mwepesi. Upande mwingine udongo ni mwekundu. Wakati wa kiangazi mchanga mweupe unakumeza, na udongo mwekundu ni mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha usiku mambo hugeuka: mchanga mweupe unashikana na kupitika vizuri, na ule mwekundu unakuwa uji, unaganda kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Nimewahi kukwangua matope kwa kijiti kila baada ya hatua ishirini. Kwa hiyo uliza mvua ilinyesha lini, kisha chagua upande.

Humo msituni usijiingilie tu. Ripoti kituoni pale Gede, lipa kiingilio, chukua kiongozi mwenye baiskeli yake, kwa sababu kuna ndovu, na baiskeli haina kelele ya kuwatahadharisha. Kiongozi wangu alisimama ghafla mbele ya kinyesi, akakigusa kwa kiatu, akasema tu, "Bado cha moto, tugeuze." Tuligeuza. Ukiruhusiwa kufika Nyari, kilele kinachotazama baharini, utaiona hori ya Mida chini yako na bahari nyuma yake, na utajua kwamba sisi watu wa pwani nasi tuna mlima wetu, mdogo wa kutosha.

Ukitaka ziwa, shika njia ya Ganda na Kakuyuni kuelekea Jilore. Ni kilomita 25 hivi upande wa magharibi, kwa hiyo upepo unakupiga ubavuni msimu wowote. Si rafiki, si adui. Barabara inapanda taratibu bila wewe kutambua mpaka upate pumzi fupi, halafu kwenye ukingo bonde la Sabaki linafunguka chini. Ziwa Jilore hutegemea mto: Sabaki ukifurika linajaa, ukinywea linapungua mpaka unakuta ng'ombe wanalisha mahali palipokuwa na maji. Usije na picha ya mwaka jana ukataka kuikuta. Na ukitaka kuosha baiskeli au uso, osha kwa maji ya chupa. Mtoni mna mamba na viboko, na kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo alfajiri na magharibi, saa zile zile tunazopenda kuendesha kwa sababu ya jua, ndizo saa zake za njiani.

Njia ya Ngomeni naipenda kuliko zote, na wengi hawanielewi. Baada ya Mambrui ni tambarare, kisha Gongoni mabwawa ya chumvi yanakumulika macho mpaka machozi, vaa miwani. Mwishoni ni mikoko, wavuvi, na yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Ni majukwaa ya San Marco. Waitaliano walirusha satelaiti kutoka hapo kuanzia 1967 hadi 1988, na moja, ya Marekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina la Uhuru kwa sababu ya siku yetu ya uhuru. Nilikaa chini ya kivuli natafuna mahamri yaliyopoa, nikiyatazama.

Sehemu ya njia hiyo unaweza kupita ufukweni, ila fuata maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, maji hupwa sana katikati ya asubuhi, na mchanga uliolowa karibu na maji unakuwa mgumu kama lami. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ukanda huo ni mwembamba, utasukuma. Mdomo wa Sabaki usijaribu kuuvuka kwa miguu; rudi darajani. Na jioni hiyo hiyo, kabla hujaoga wewe, ioshe baiskeli kwa maji yasiyo ya chumvi na upake cheni mafuta. Mimi niliahirisha mpaka kesho yake. Cheni ilikuwa nyekundu.

Jingine la Mambrui: ni mji wa watu wa dini, na zile suruali za kubana za waendesha baiskeli hazifai kupita nazo mbele ya msikiti. Funga kikoi au vaa kaptura pana juu yake kabla ya kuingia mjini. Shuka, salimu, kisha nunua unachotaka. Nimeona mabadiliko makubwa ya nyuso kwa sababu ya kikoi kimoja.

Vifaa sitavirefusha: tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, spana ndogo, maji lita tatu, pesa za sarafu. Miba ya huku haina huruma. Lakini nitasema jambo moja ambalo lilinigharimu. Duka moja la mjini liliniuzia tyubu za valvu nyembamba, ile ya baiskeli za kisasa, bila kuniambia kitu. Nilitoboka Magarini nikamkuta fundi hodari sana chini ya mwembe, akaziba kwa dakika kumi, na pampu yake haikuingia. Anajaza baiskeli za Black Mamba na boda boda siku nzima. Valvu yangu aliitazama kama kidonda. Tulihangaika na kipande cha mpira mpaka nikapata upepo wa kunifikisha barabara kuu. Sasa natembea na kichwa cha shaba cha kugeuza valvu, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, kimefungwa kwa uzi kwenye mfuko wa kiti.

Marafa nilirudi Februari, kaskazi usoni wakati wa kwenda, polepole, bila kulalamika. Korongo la pale Wagiriama wanaliita Nyari, jina lile lile la kile kilele cha msituni, yaani mahali palipobomoka penyewe, na ni kweli: mvua na upepo vimeuchimba mchanga ule mpaka umebaki minara myekundu, myeupe na ya waridi. Kijana aliyenitembeza alinihadithia habari za tajiri aliyeoga maziwa mpaka Mungu akakasirika. Saa kumi na moja jioni rangi zinawaka, na hapo ndipo hesabu yangu yote ya upepo ilipoharibika, kwa sababu sikuweza kuondoka. Jua lilitua saa kumi na mbili na nusu nikiwa bado nimekaa ukingoni.

Kurudi gizani kwenye mchanga ule ni wazimu, hata kaskazi iwe mgongoni. Nikapata gari la mwisho. Baiskeli ikafungwa juu ya keria kati ya magunia ya maembe, na konda akaitoza nauli ya mtu mzima. Nililipa bila kuteta.