Maswali ya Wasomaji: .303 ya Zamani, Uinunue au Uiache?

SWALI: Kamwene. Nina leseni na nimezoea kupiga shabaha kwa bunduki ndogo. Mzee mmoja, naye ana leseni, anauza .303 yake, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza iitwayo Lee-Enfield Na. 4. Naitaka kwa kumbukumbu na kwa shabaha pia. Mbao zake zinang'aa kama mpya. Niangalie nini kabla ya kutoa pesa? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Kamwene. Huko kung'aa ndiko kunakotutia shaka kwanza. Mbao za bunduki ya jeshi zilipakwa mafuta ya linsidi, hazikupigwa vanishi. Zikiwaka kama kabati la sebuleni, basi zimepitiwa na msasa, na msasa hula mihuri ya kiwanda na ya jeshi, ambayo ndiyo mkusanyaji anailipia. Hiyo haiharibu shabaha, ila inashusha bei, nawe mwambie mzee hivyo kwa heshima.

Kabla ya kukagua, chomoa magazini (kisanduku cha risasi), fungua bolti (chuma kinachoteleza kufunga nyuma ya mtutu), kisha hakikisha chemba, tundu inamokaa risasi, ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Soma namba. Kwenye Na. 4 iko upande wa kushoto wa chuma kinachoshika kitako cha mbao, na bolti ina yake nyuma ya mzizi wa mkono wake wa kuivutia. Zifanane. Bolti ya Lee-Enfield ilioanishwa na bunduki yake kwa mkono, ili meno yake mawili yakae sawasawa kwenye vikao vyake. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kuingia na kufunga vizuri kabisa, huku jino moja tu ndilo linabeba mzigo wote. Ukikuta herufi FTR usiogope: maana yake ilirudi kiwandani ikafanyiwa matengenezo makubwa. Ukikuta DP, achana nayo. Hiyo ilitengwa kwa gwaride na mafunzo, na nyingi zilitobolewa chemba makusudi zisifyatuliwe tena.

Kipimo kinachoamua ni cha nafasi kati ya uso wa bolti na mtutu. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako cha ganda, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame ndani. Fundi bunduki hupima kwa geji, kipande cha chuma chenye unene maalumu kinachowekwa mahali pa risasi: bolti ifunge kwenye geji ya inchi 0.064 (milimita 1.63), isifunge kabisa kwenye ya 0.074 (milimita 1.88), ambayo ndiyo iliyokuwa mwisho wa ruhusa jeshini. Nafasi ikizidi, ganda hujinyoosha kila linapopigwa, kisha hukatika juu kidogo ya kitako, na moshi wa moto hurudi nyuma usoni kwako. Mwombe mzee maganda aliyopiga karibuni. Chukua waya mwembamba, kunja ncha yake kama ndoano, uiburute ndani ya ganda kutoka chini kwenda juu. Ikikwama kwenye mfereji karibu na kitako, ganda lilikuwa limeanza kukatika.

Nafasi iliyozidi inarekebishika. Kichwa cha bolti ya Na. 4 kinafunguka kwa kuzungushwa, na vilitengenezwa vya namba 0, 1, 2 na 3, kila namba ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Bunduki yenye namba 1 ina pa kupanda. Ikiwa tayari ina namba 3 na bolti bado inafunga kwenye geji ya 0.074, vikao vya meno vimeliwa. Hapo usinunue hata kwa bei ya kutupa. Namba peke yake haitoshi, lazima geji.

Ikiwa ni toleo la Mk 1*, lililotengenezwa kiwanda cha Long Branch cha Kanada au Savage cha Marekani, angalia reli ya kulia ambamo kichwa cha bolti hupita. Pana mkato mdogo wa kutolea kichwa hicho, na kingo zake humegeka. Vuta bolti nyuma kwa nguvu mara kumi, huku ukikisukuma kichwa chake juu. Kikiruka nje ya reli, ni ugonjwa huo.

Mtutu usafishe kwa kitambaa kikavu ndipo umulike, maana mafuta huficha vishimo. Utaona michirizi mitano inayozunguka, au miwili tu. Ya miwili si hitilafu, ni mitutu ya wakati wa vita na hupiga vizuri. Mtutu mweusi wenye kingo kali bado una maisha. Ukiona kivuli kama pete mahali pamoja, mtutu ulivimba kwa kufyatuliwa ukiwa umeziba, hautengenezeki. Kisha tazama mdomo: kamba ya kusafishia iliyovutwa upande upande miaka mingi hufanya tundu kuwa la yai, na hapo hata mlengaji hodari risasi zitamtawanyikia.

Pesa zitoke mwisho. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni yako ya bunduki ndogo haiifuniki hii. Nendeni wote wawili polisi wilayani, namba ilinganishwe na leseni ya muuzaji, ombi lako likubaliwe. Hadi hapo isilale kwako, hata kwa "kujaribu" usiku mmoja.

SWALI: Nilinunua .303 pamoja na risasi za zamani, zote zikiwa na kibali. Kwenye kitako zimeandikwa VII na 1943. Nilipiga kumi, nikapaka mtutu mafuta vizuri, baada ya siku mbili kutu! Mafuta mabaya? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Mafuta hayana kosa. Fataki za risasi hizo, yaani viwashio vilivyo kwenye kitako cha ganda, zikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Kwa mvua na ukungu wa Tukuyu, usiku mmoja unatosha. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu ikiendelea kula chuma. Kinachoiyeyusha ni maji.

Siku ileile ya kupiga, toa bolti, weka faneli yenye mpira upande wa chemba, pitisha lita moja ya maji yanayochemka hadi yatoke mdomoni, bunduki ikiinama ili maji yasiingie kati ya mtutu na mbao. Joto la chuma litasaidia kukausha. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, kisha mafuta. Osha uso wa bolti pia, wengi huusahau. Rudia kitambaa na mafuta siku tatu mfululizo. Usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi au wa sponji, hushika unyevu.

Risasi ya umri huo ikikataa, usifungue bolti. Mdomo ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 60. Fataki iliyochoka huweza kuchelewa. Na kama una pakiti ambazo hazijafunguliwa, ziache hivyohivyo: kwa mkusanyaji zina thamani kuliko milio kumi.

SWALI: Babu ameacha bunduki ndefu ya Kijerumani, imeandikwa Mod. 71. Hatujaona leseni yake. Tunaweza kuipiga? (Familia, Iringa)

JIBU: Hapana. Ni Mauser ya 1871, ya risasi moja moja za milimita 11 na baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa nayo, na vita ilipoanza mwaka 1914 kampuni nyingi zilikuwa bado zinaitumia. Chuma chake hakikutengenezwa kwa baruti ya kisasa, na risasi ya kisasa yoyote "inayoingia" ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Uzee wake usiuchukulie kuwa msamaha wa leseni. Mmoja wenu aende kituo cha polisi mikono mitupu, aeleze kifo cha babu na iliko bunduki, wao waseme ihamishwe vipi. Msiipandishe basi kuipeleka. Na kabla haijaondoka, asiisugue mtu kwa msasa wala brashi ya chuma. Ifuteni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mpige picha kila alama.