Usichomoe waya kabla hujauliza mechi imebaki dakika ngapi

Ugomvi mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea nyumbani kwangu niliuanza mimi mwenyewe, mtu mzima, mwalimu wa hisabati mwenye miaka 19 ya kushika chaki. Tulikubaliana gemu inazimwa saa tatu usiku. Saa tatu na dakika nne kijana bado yumo. Nikamwita, nikamwita tena, nikajibiwa "Mama, subiri kidogo tu." Mara ya tatu sikuita. Nilipita nyuma ya TV nikachomoa waya.

Alikuwa na miaka 13. Hakunijibu vibaya wala hakubamiza mlango. Alilia tu, kilio cha mtu aliyedhulumiwa, na mimi nikaenda kulala nikijiambia kwamba ndio huo ulevi wa gemu wanaousema kila siku.

Wiki ikapita ndipo nikajua nilichofanya, tena nilijua kwa sababu niliona haya nikamwomba anionyeshe. Alikuwa kwenye mechi ya timu, wao wanne. Mechi ya namna ile haisimamishwi. Ukitoka katikati wenzako wanabaki pungufu, wanafungwa, na wewe gemu inakuzuia kwa muda kuingia mechi nyingine kwa kosa la kukimbia. Wawili kati ya wale wenzake anasoma nao darasa moja. Kwa hiyo kesho yake asubuhi alikwenda shule akiitwa msaliti, na msaliti mwenyewe nilikuwa mimi. Mzazi akiingia uwanjani dakika ya 80 akamvuta mkono golikipa wa timu ya watoto, watu wangemwona ana wazimu. Mimi nilijiona mlezi bora.

Tangu siku ile nimeacha kuuliza "umecheza saa ngapi?" Nauliza mechi moja inachukua muda gani na hii imebaki kiasi gani. Ukianza kuuliza hivyo utagundua haraka kwamba gemu si kitu kimoja. Minecraft, kwa mfano, ile gemu ya kujenga, ukicheza peke yako unaweza kutoka wakati wowote, ukirudi kesho utakuta nyumba yako pale pale ulipoiacha. Za mechi zina mwanzo na mwisho, kama mpira. Halafu kuna zile za kwenye simu ambazo hazina mwisho kabisa: ukimaliza hatua moja nyingine inajifungua yenyewe, ukiondoka inakutumia ujumbe kwamba zawadi yako inakaribia kupotea. Hizo ndizo ninazoziogopa, na cha ajabu ndizo wazazi wengi wanazompa mtoto wa miaka mitano ili atulie.

Sheria yetu sasa ni kwamba hakuna mechi inayoanza baada ya saa mbili na nusu. Iliyoanza inamalizwa. Ugomvi haujaisha, lakini umekuwa wa kawaida, wa aina ile ya "umeoga?" na "vyombo nani ataosha?"

Kwenye kikao cha wazazi nikisema haya huwa kuna mtu ananikumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa. Ni kweli, umo kwenye orodha yao ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini soma walichoandika. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu iwe imepita mbele ya mambo mengine yote ya maisha, aendelee ingawa anaona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi kama 12. Masaa hayatajwi. Katika miaka yangu yote darasani nimekutana na mwanafunzi mmoja niliyeamini anaangukia humo, na dalili iliyonishtua ilikuwa kuona ameacha marafiki na mpira alioupenda, tena hata gemu yenyewe haimfurahishi, anaicheza kama mtu anayelipa deni. Huyo alihitaji daktari, na kwa bahati alimpata. Wa kwako anayekasirika ukimzimia huenda amekasirika tu.

Serikali nazo zinahangaika kama sisi. Agosti 2021 Korea Kusini ilitangaza kuifuta sheria yake ya tangu 2011 iliyowakataza watoto chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto walikuwa wakiingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi wao, jambo ambalo mwalimu yeyote angewatabiria bure. Mwezi huo huo, siku chache tu baadaye, China ikakaza: walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Majirani wawili, mwezi mmoja, kila mmoja na njia yake. Sina hakika yupi atacheka mwisho, ila sitangoja serikali ije kunisaidia sebuleni.

Sasa shule. Nikiri wivu. Nilikaa siku moja nikimwangalia kijana akishindwa sehemu moja ya gemu mara 14, nilihesabu, bila kukata tamaa. Huyu huyu daftari la hisabati analifunga akikosea swali moja. Kwa nini? Gemu inamwambia amekosea papo hapo, na wapi, kisha inamruhusu ajaribu tena bila kumwandikia alama nyekundu itakayomfuata hadi mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwa nakusanya madaftari 50, nayarudisha baada ya wiki mbili, mtoto ameshasahau hata mada. Siku hizi natoa maswali matano mafupi, tunasahihisha pale pale, na aliyekosa anarudia kesho yake, alama inayobaki ni ya mwisho. Ni kazi zaidi kwangu, sitadanganya. Lakini wanaofunga madaftari wamepungua.

Msinielewe kwamba nataka gemu ziletwe darasani. Nyingi zinazouzwa kwa jina la elimu ni maswali yale yale ya kuzidisha yaliyopakwa rangi na kuwekewa nyota, na watoto wanalijua hilo ndani ya dakika tatu. Simu nazo zikae kwenye mkoba. Ufaransa ilipitisha sheria ya kuzikataza simu kwenye shule za msingi na za miaka ya kwanza ya sekondari mwaka 2018, na ripoti ya UNESCO ya 2023 ilisema teknolojia iingie darasani pale tu inapomsaidia mtoto kujifunza. Nakubaliana nao kabisa. Gemu ina mahali pake, na somo langu lina mahali pake.

Pesa ndizo zilizonipandisha presha kweli. Binti yangu wa miaka 10 alikuwa anacheza gemu ya simu "ya bure", na jioni moja kadi yangu ikakatwa mara 11. Alikuwa ananunua maboksi usiyojua yana nini ndani mpaka uyafungue, akitafuta farasi mmoja mwenye mabawa. Tuliomba turudishiwe, tukarudishiwa sehemu tu. Si sisi peke yetu tulioumia na gemu za namna hii: Desemba 2022 Epic Games, kampuni inayotengeneza gemu ya Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja wa Marekani baada ya kudaiwa kwamba mpangilio wa vitufe vyake uliwafanya watu wanunue bila kukusudia. Ubelgiji tangu 2018 inayahesabu maboksi ya kulipia ya namna hii kuwa kamari.

Nilitoa kadi kwenye simu, nikaweka nenosiri kwa kila ununuzi (fanya hivyo leo, kabla hujamaliza kusoma). Kisha nikakaa naye na kikokotoo. Gemu yenyewe iliandika kwamba nafasi ya kupata farasi ni asilimia 1. Binti yangu alikuwa na hakika kwamba ukinunua maboksi 100 utampata. Nikamwambia nafasi ya kukosa boksi moja ni 0.99, kukosa mawili mfululizo ni 0.99 mara 0.99, haya endelea. Akabonyeza, akabonyeza. Ilibidi afike boksi la 69 ndipo nafasi ya kumpata ikavuka nusu, kwa unywele tu. Alipofika 100 bado palikuwa na karibu asilimia 37 za kutoka mikono mitupu. Akaniangalia akasema, "Kwa hiyo wanajua." Wanajua, mwanangu.

Kuna somo moja la habari za dunia nililofundishwa na yule wa waya. Tulikuwa sebuleni, simu yangu imejaa video za vita kama za kila mtu. Nikaona moja ya usiku, helikopta inadunguliwa, nikashtuka nikaituma kwenye kundi la walimu. Yeye akachungulia begani kwangu.

"Mama, hiyo ni Arma."

Arma ni nini? Arma 3, gemu ya kijeshi ya mwaka 2013. Nikabisha, akanirudishia video mwanzo. Picha imefifishwa makusudi. Kamera inatikisika mno. Hakuna mtu hata mmoja anayeonekana akitembea, na moshi unapanda kwa namna ambayo moshi haupandi. Nilikuja kukuta kwamba watengenezaji wenyewe, Bohemia Interactive wa Jamhuri ya Czech, walishatoa tangazo Novemba 2022 kulalamika kwamba video za gemu yao zinasambazwa kama za vita vya kweli, na dalili walizozitaja ni karibu zile zile alizonitajia mtoto.

Nikaandika kwenye kundi: samahani walimu wenzangu, ile video ni gemu. Mwalimu wa historia akauliza nimejuaje. Nikampa kijana simu amjibu mwenyewe. Akajikunja kwenye kiti akaanza kuandika, anafuta, anaandika upya, ananiuliza "Mama, 'kudungua' inaandikwaje?" Saa tatu ikapita. Sikumkumbusha.